Maswali na Majibu: Uzito wa Mwanariadha

Nacheza raga. Nina urefu wa mita 1.80 na kilo 105. Nimeambiwa BMI yangu, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ni 32, hivyo nina unene uliokithiri. Nipunguze?

Hesabu hiyo ilitokana na Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyetafuta wastani wa umma na si afya ya mtu mmoja, na haitofautishi kilo ya msuli na kilo ya mafuta. Chukua utepe upime kiuno: kikiwa chini ya nusu ya urefu wako, yaani sentimita 90, endelea na mazoezi, kikizidi, usijifariji kwamba yote ni misuli.

Zoezi gani la tumbo huondoa kitambi haraka?

Hakuna, na nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi: zoezi la tumbo hujenga misuli ya tumbo, halichagui mafuta ya kuyeyusha.

Binti yangu wa miaka 17 hukimbia mita 5,000. Kocha amemtaka apunguze kilo 3. Hajaona hedhi kwa miezi mitano. Je, ni kawaida kwa wanariadha?

Si kawaida hata kidogo. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopewa hubana matumizi, na uzazi ni miongoni mwa mambo ya kwanza kusimamishwa. Homoni ya estrojeni hushuka, mifupa hudhoofika katika umri uleule inapopaswa kukomaa, kisha nyufa hutokea kwenye muundi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, na wavulana nao wamo. Makocha huwatazama mabingwa wa mbio wa Iten, Kenya, wakadhani siri ni njaa. Mashavu membamba ya miguu huwasaidia kweli, kwa kuwa uzito ulio karibu na kifundo hugharimu nguvu zaidi kuubeba kuliko uzito uleule kiunoni, lakini hilo ni umbile, halipatikani kwa kumnyima mtoto ugali. Mpeleke kwa daktari wiki hii, na akitoka mbioni alfajiri ale mayai na viazi papo hapo, asishindie chai ya rangi hadi mchana.

Mimi ni bondia. Nimezidi kilo 4, na kupima uzito ni keshokutwa. Nikimbie nimevaa nailoni?

Usithubutu. Utakachopoteza ni maji, na moyo na figo ndivyo vitakavyoumia. Mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijikausha hivyo. Mpigie promota wako leo, uombe kupigana uzani wa juu.