Plagini ya Kuuza: Mjue Mnunuzi Kabla ya Kuchagua Fomati

Wanaotaka kuuza plagini za sauti, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi au kutengeneza muziki, huniuliza kwanza watumie lugha gani ya programu. Mimi huwauliza kitu kingine: mnunuzi wako anafanyia kazi kwenye programu ipi? Kila programu hupokea plagini za fomati fulani: Logic Pro hupokea Audio Units (AU) za Apple tu. Pro Tools hutaka AAX. Cubase hutumia VST3, na Ableton Live hupokea VST3 pamoja na AU kwenye Mac. Ukiwa na VST3 na AU umeshawafikia watu wengi mno, na ningekushauri uanzie hapo.

VST2 achana nayo, hata kama mafunzo ya zamani bado yanaitaja. Steinberg, wenye VST, walifunga mlango wa leseni mpya mwaka 2018. AAX ina kazi ya ziada, kwa sababu Pro Tools ya kawaida haifungui plagini isiyotiwa saini ya kidijitali kwa zana za kampuni ya PACE. Kama plagini yako inasafisha mazungumzo ya filamu, usikwepe kazi hiyo, maana wateja wako wamejaa huko. Kama ni sintesaiza ya muziki wa dansi, AAX inaweza kusubiri. CLAP, fomati iliyotangazwa na Bitwig na u-he mwaka 2022, naipenda kwa jinsi inavyoruhusu kubadilisha sauti ya kila noti peke yake. Bitwig Studio na Reaper zinaipokea, lakini kwa biashara bado naiweka baada ya VST3 na AU.

Kwenye zana, mimi natumia lugha ya C++ na JUCE, mfumo wa kutengenezea plagini. Unaandika kodi (maagizo ya programu) mara moja, nayo inakutolea VST3, AU na AAX. Ila soma leseni yake kabla hujaandika mstari wa kwanza: ama unaweka kodi yako wazi chini ya leseni huria ya AGPLv3, ama unafuata masharti ya leseni ya kibiashara. iPlug2, mfumo mwingine wa aina hiyo, ina leseni nyepesi zaidi, na mtu anayefanya kazi peke yake anaweza kuitegemea. Chochote utakachochagua, kodi ya kuchakata sauti iweke kwenye maktaba yake yenyewe, isiyojua lolote kuhusu JUCE wala VST3. Fomati hubadilika, lakini hesabu za kichujio chako hazina sababu ya kubadilika nazo.

C++ ina sababu yake. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na bafa, yaani fungu linalochakatwa kwa mara moja, ya sampuli 64, una takriban milisekunde 1.3 kumaliza kila kitu, na muda huo unagawana na plagini nyingine zote za mradi. Humo ndani usiombe kumbukumbu mpya, usifungue faili, usisubiri kufuli linaloshikiliwa na sehemu nyingine ya programu. Lugha inayosimama kila mara kusafisha kumbukumbu yake itamkatia mteja sauti katikati ya kurekodi.

Jambo linalohitaji utulivu zaidi ni vitambulisho. AU huitambua plagini kwa vitambulisho vitatu vya herufi nne nne: aina, plagini na mtengenezaji. Kila kitufe nacho kina kitambulisho chake. Programu ya muziki huvihifadhi vyote ndani ya mradi. Ukivibadilisha baada ya kuuza, mteja atafungua wimbo wa mwaka jana akute plagini haipo, au otomesheni (mabadiliko ya vitufe aliyoyarekodi) imepotea. Naona hili ni kubwa kuliko hitilafu yoyote ya sauti, maana kinachoharibika ni kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo viandike mapema, vipe majina yasiyotegemea maandishi ya kwenye skrini, na ukitaka kuboresha kitufe ongeza kipya huku cha zamani kikibaki kinafanya kazi.

Kabla ya kutoa toleo lolote, lipitishe kwenye pluginval, programu ya kujaribu plagini, na kwenye Mac auval ya Apple pia. Kisakinishi cha Mac kitie saini na ukipeleke Apple kithibitishwe, la sivyo macOS itakizuia mteja akishakipakua. Halafu ufungue miradi iliyohifadhiwa kwa toleo lililotangulia, mmoja mmoja, na kuisikiliza.