Jibu: Mbona "escapee" ndiye aliyetoroka?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini "employee" ni mwajiriwa ilhali "escapee" ni mtoro mwenyewe, wala hakutoroshwa na mtu. Hiyo "-ee" ilitoka kwenye Kifaransa cha mahakama za Uingereza, ikimtaja mtendwa, kama "-wa" yetu ya mwajiriwa. Baadaye ikalegea, ikabeba hata watendaji: "attendee" ni anayehudhuria, "standee" ni abiria aliyesimama.

Linalochanganya kuliko yote ni la benki. "Mortgagor" ni wewe mkopaji, maana ndiye uliyeweka nyumba rehani. "Mortgagee" ni benki, mwekewa rehani. Mimi niliwahi kujaza fomu nzima kinyume! Ukikwama hapo usifuate pesa, angalia hati ya nyumba imetoka kwa nani.