Mbao ya katikati ya kenchi haibebi kilele

Ninyi mnaoanza kusomea ujenzi, au mnaojifunza kazi kwa mafundi wa Mafinga na Mbeya, mtakutana mapema na kenchi, yaani fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa, kwani mapaa mengi ya huku kwetu hubebwa na kenchi za misindano.

Tuchukue kenchi yenye upana wa mita 8 na kimo cha mita 3: mbao mbili za mteremko, moja ya chini iliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, na moja ya katikati iliyosimama. Kileleni pana mzigo wa kilonyutoni 6. Kwanza itazameni kenchi nzima kama kitu kimoja. Kwa kuwa mzigo umekaa katikati, kila ukuta unaisukuma juu kwa kilonyutoni 3.

Kisha kitengeni kiungo cha ukutani, yaani pale mbao zinapokutana juu ya ukuta, ambako nguvu za mbao mbili tu ndizo hazijulikani, maana kila kiungo hutoa milinganyo miwili pekee, ya wima na ya mlalo. Choreni mishale yote ikitoka kwenye kiungo, kana kwamba kila mbao inavutwa. Jibu likiwa hasi, mbao hiyo inagandamizwa. Mimi nilikuwa nikikisia mwelekeo kwa macho na kubadili alama katikati ya hesabu, nikapoteza jioni nyingi. Mbao ya mteremko ina urefu wa mita 5, hivyo tatu ya tano ya nguvu yake ni ya wima: inagandamizwa kwa kilonyutoni 5, na ile ya chini inavutwa kwa 4.

Na ile ya katikati? Sifuri. Kwenye kiungo chake cha chini, mbao nyingine zimelala mlalo, na hakuna kitu kingine cha kuivuta wala kuisukuma. Wengi hudhani inaegemeza kilele. Ning'inizeni sasa dari ya kilonyutoni 1.2 kwenye kiungo hicho: kila ukuta utabeba 3.6, mbao za mteremko zitagandamizwa kwa 6, ya chini itavutwa kwa 4.8, na ya katikati itavutwa kwa 1.2. Kumbe imening'inia! Ndiyo maana nilipomwona kijana mmoja akiifunga chini kwa msumari mmoja, akisema imesimama tu, nilimwomba aongeze misumari kabla dari haijapanda.