Jibu: Hiace yenye kitanda, Bagamoyo hadi Tanga kwa njia ya pwani

Habari mkuu. Naona uzi wako umekaa bila jibu. Unauliza kama Hiace uliyoitia kitanda, isiyo na 4x4, itapita Saadani kutoka Bagamoyo hadi Tanga bila kunasa, na ulale wapi.

Kabla ya gari, angalia mvua. Udongo mweusi wa Saadani ukilowa unajaa kwenye tairi mpaka kashata, yaani meno ya tairi, hazionekani, gurudumu linazunguka palepale. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu kabisa. Pitia Msata, Segera, Muheza, ni lami, kisha toka Tanga mjini ushuke Pangani. Njiani simama Tongoni, tafadhali usipitilize: kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na kwenye nguzo utaona vishimo vya duara palipokuwa na bakuli za Kichina.

Kulala, usiegeshe ufukweni hata mchanga ukiwa mgumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda sana. Tafuta mstari wa mwani mkavu, gari likae juu yake kabisa. Mimi huomba nafasi uani kwenye nyumba za wageni, nalipia choo na maji, nalala kwa amani.

Ukinasa mchangani, usikanyage mafuta, utazama mpaka ekseli. Punguza upepo wa tairi kwanza, fukua mbele ya magurudumu, toka taratibu. Beba na pampu, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.