Katibu wetu anafuatwa, na wafadhili wamenyamaza

Swali: Kikundi chetu cha Mathare huandika visa vya vijana wanaopigwa na polisi. Siku hizi katibu wetu anafuatwa na gari na kupigiwa simu usiku na watu asiowajua. Tuliomba msaada wa dharura, tukaambatisha katiba ya kikundi na bajeti ya mwaka. Kimya. Tumekosea wapi? – Mratibu

Jibu: Bwana mratibu, mmeomba ruzuku ya kawaida mahali panapotolewa pesa za dharura. Anayesoma maombi hayo anataka kujua nani yuko hatarini, hatari hiyo inahusianaje na kazi yake, na pesa zitaipunguza vipi wiki hii. Malengo ya kikundi yatasomwa baadaye, kama yatasomwa.

Andikeni upya, kurasa mbili tu. Anzeni na matukio: Jumanne, saa mbili usiku, Juja Road, Probox nyeupe, namba yake hii. Kando ya kila tukio tajeni kesi mliyokuwa mkiifuatilia wakati huo. Hapo ndipo maombi mengi huwa matupu. Ripotini kituoni mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Najua mnaowashuku huenda ndio watakaowapokea kaunta, basi nendeni na wakili, na malalamiko yafike pia IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Tafuteni watu wawili wanaoijua kazi yenu, wakubali kupigiwa simu na mfadhili. Gharama ziwe nauli, nyumba ya muda, wakili, simu nyingine. Kodi ya ofisi iondoeni.

Anzeni na Defenders Coalition, muungano wa watetezi wa haki za binadamu hapa Nairobi, wako karibu na wanaweza kuwathibitisha haraka. Mashirika mengine ya kuwalinda watetezi: DefendDefenders wako Kampala, Front Line Defenders Dublin. Msitumie simu ya katibu kutuma chochote.

Akikamatwa kabla ya majibu, msingoje mfadhili. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, husubiriwa siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana Ijumaa jioni hupendwa sana kwa kukamata watu. Polisi wakikana kuwa naye, wakili aende Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus, waamriwe kumleta. Hati ya kiapo ya ombi hilo itahitaji tarehe na namba za magari, kwa hiyo nakala ya orodha ya matukio iwe kwa wakili kuanzia leo.