Wasomaji Wauliza: Timu Inaposhika Mkia, Nani Aachwe Nje?

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya ukurasa huu zinahusu upangaji wa vikosi katika AFL, ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia, na hasa katika timu zilizopitia misimu ya mateso. Kwa msomaji aliyejiunga nasi karibuni, huu ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu, wachezaji 18 kila upande, ambapo goli lina pointi sita na mpira unaopita kando ya milingoti miwili ya katikati una pointi moja. Tumechagua barua nne na kuzijibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tunaishi Perth na sote ni mashabiki wa West Coast Eagles. Msimu wa 2025 tulipata ushindi mmoja tu katika mechi 23, na kila kikosi kilipotangazwa tulianza kubishana. Mimi nashikilia kwamba baada ya kipigo kikubwa kocha hana budi kuwatoa watano au sita kwa mpigo, ili kila mchezaji ajue kwamba jezi haina mwenyewe. Shemeji anasema kubadilisha wachezaji kila wiki ndiko kulikotumaliza. Nani kati yetu yuko sahihi?
Shabiki, Perth

JIBU: Ndugu yangu, shemeji yako ameliona tatizo vizuri zaidi, ingawa hasira yako ninaielewa na sioni sababu ya kukutaka uitulize. Timu iliyotwaa ubingwa mwaka 2018 ilimaliza msimu wa 2023 ikiwa mkiani, na mwaka huohuo ikafungwa na Sydney pointi 205 kwa 34; miaka miwili baadaye ikashinda mechi moja. Mashabiki wa timu ya namna hiyo wana haki ya kudai mabadiliko, na kinachobaki kuulizwa ni mabadiliko ya aina gani.

Mchezo huu hauna sheria ya kuotea, na mchezaji yeyote anaweza kukimbilia sehemu yoyote ya uwanja. Kwa hiyo ulinzi wake unasimama juu ya maelewano kuliko juu ya mpangilio unaochorwa ubaoni. Beki anapouona mpira mrefu ukija, ana muda mfupi sana wa kuamua kama amwache mtu anayemlinda ili akaudake au kuupangua hewani, na uamuzi huo unategemea imani yake kwamba mwenzake amekwisha kusogea kuziba nafasi anayoiacha. Imani hiyo haipatikani mazoezini peke yake. Huja baada ya mechi nyingi za kucheza pamoja, zikiwamo mechi za kufungwa, na kila sura mpya inayoingia katika safu ya ulinzi huwalazimu waliobaki waanze kujuana upya.

Ikumbuke fainali ya 2018 dhidi ya Collingwood katika uwanja wa MCG. Zikiwa zimebaki dakika chache, Jeremy McGovern aliudaka mpira katika ngome ya West Coast, ukapita kwa Nathan Vardy, kisha kwa Liam Ryan, kisha ukamfikia Dom Sheed, ambaye alifunga akiwa pembeni kabisa mwa uwanja, na mechi ikaisha 79 kwa 74. Timu hiyo ilicheza fainali bila Nic Naitanui, aliyekuwa ameumia goti, na bila Andrew Gaff, aliyekuwa amefungiwa mechi nane. Walioshika nafasi zao waliweza kufanya kazi kwa sababu waliowazunguka walikuwa walewale.

Sasa tazama kilichoipata ngome ile. Shannon Hurn alistaafu mwaka 2023, Tom Barrass alihamia Hawthorn mwishoni mwa 2024, na McGovern akalazimika kuacha kucheza katikati ya msimu wa 2025 kwa sababu ya madhara ya kugongwa kichwa. Kocha Andrew McQualter, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, hakuachiwa safu ya ulinzi ya kulinda. Alipaswa kuijenga nyingine huku mechi zikiendelea. Kumwambia kocha aliye katika hali hiyo atoe wachezaji sita kila baada ya kipigo ni kumwomba aanze upya kila wiki.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hulisahau tunapohesabu majina yaliyoingia na yaliyotoka: sehemu kubwa ya mabadiliko hayo si ya hiari. Mchezaji anayethibitishwa kupata mtikisiko wa ubongo hukaa nje kwa siku zisizopungua 12, kwa hiyo mechi inayofuata kwa kawaida humpita. Ongeza misuli, magoti na mabega. Endapo watatu wametoka kwa kuumia na kocha akawatoa watano wengine kwa kuwaadhibu, basi karibu theluthi moja ya kikosi kizima, wa akiba wakiwamo, imebadilika kati ya Jumamosi moja na nyingine, na hakuna mpango wa mchezo unaoweza kustahimili hali hiyo.

Kama ningeulizwa, ningesema mabadiliko ya hiari yasizidi mawili kwa wiki, na wawili hao wasitoke katika safu moja. Pia ningetaka anayeachwa nje aelezwe kosa linaloweza kuonekana kwenye picha za mechi: hakurudi kumfuata mtu wake mpira ulipopotea, au aliukwepa mgongano uliokuwa wa kwake. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe kwamba jezi haina mwenyewe, kwa maana asiyejituma hastahili kupangwa hata akiwa na jina kubwa. Lakini kumtoa mtu ili wengine wapate woga kuna madhara yake. Mchezaji mwenye woga hupiga mpira mrefu mbele bila kutazama, ili lawama zisimpate, na huo ndio mpira ambao mabeki wa timu pinzani huungoja kwa hamu.

Mfano wa kuwapelekea wenzako kijiweni ni Carlton ya mwaka 2023. Ilifungwa mechi sita mfululizo na kushuka hadi nafasi ya 15, na kelele za kutaka kila kitu kivunjwe zilikuwa kubwa. Michael Voss aliendelea kuwa kocha, nguzo za timu zikabaki zilezile, nahodha Patrick Cripps katikati na Charlie Curnow mbele, na timu ikashinda mechi tisa mfululizo, ikaingia hatua ya mchujo na kufika nusu fainali, ilikotolewa na Brisbane. Curnow alimaliza msimu huo akiwa mfungaji bora wa ligi.

SWALI: Mhariri mpendwa, sisi mashabiki wa Richmond hapa Melbourne tumegawanyika. Wengi wetu tunaona kwamba timu ikishajulikana kuwa haitafika mchujo, hakuna maana ya kuwapanga wachezaji waliovuka miaka 30 huku vijana wakikaa nje. Si bora wakongwe wote wapumzishwe na watoto wacheze?
Msomaji wa kike, Melbourne

JIBU: Dada yangu, vijana wacheze, naam, na wacheze wengi. Neno linalonitia wasiwasi katika barua yako ni “wote”.

Mwaka 2024 Richmond ilishinda mechi mbili tu. Msimu ulipokwisha, Dustin Martin alikuwa amestaafu, Shai Bolton akaenda Fremantle, Daniel Rioli akaenda Gold Coast, na Liam Baker na Jack Graham wakahamia West Coast. Klabu ikajaza nafasi zao kwa vijana waliopatikana katika drafti, yaani ule utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, wa kwanza wao akiwa Sam Lalor. Wengi walitabiri msimu wa aibu. Hata hivyo, mwaka 2025 Richmond iliifunga Carlton katika mechi yake ya kwanza kwa tofauti ya pointi 13, Lalor akiwa uwanjani kwa mara ya kwanza, na hatimaye ikapata ushindi wa mechi tano. Si mengi, lakini vijana wale hawakuachwa peke yao. Nahodha Toby Nankervis alikuwapo kurukia mipira ya kuanzishia mchezo, kazi ya miili mikubwa iliyokomaa, na Nick Vlastuin, aliyekuwamo katika mataji yote matatu ya 2017, 2019 na 2020, alikuwapo nyuma kuwaelekeza wenzake wasimame wapi.

Kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kuwa na mbio na kipaji, lakini mwili wake bado haujafikia wa mtu wa miaka 27 anayepambana naye, na akibeba mzigo huo wiki baada ya wiki bila msaada, huumia au hukata tamaa. Anahitaji pia mtu aliye karibu naye uwanjani, kwa sababu kocha yuko mbali na kelele ni nyingi.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwangu ni Brisbane Lions. Mwaka 2017 walimaliza mkiani chini ya Chris Fagan, katika msimu wake wa kwanza. Mtu angedhani kwamba timu iliyo mkiani, yenye chipukizi wengi, ingetafuta vijana zaidi na basi. Walitafuta vijana, lakini pia walimchukua Luke Hodge kutoka Hawthorn, mtu wa miaka 33 mwenye mataji manne, ambaye alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anaacha kucheza. Alicheza misimu miwili, 2018 na 2019, akiwa kiongozi wa safu ya ulinzi iliyokuwa na kijana Harris Andrews. Mwaka 2019 Brisbane walimaliza wa pili katika msimamo wa ligi, na Andrews huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa manahodha walipotwaa ubingwa wa 2024 na wa 2025. Kila ninaposikia mashabiki wakisema mkongwe “anaziba nafasi ya mtoto”, huwa natamani waitazame tena safu ile ya ulinzi.

Kwa hiyo, dada, ukitazama orodha ya Richmond wiki ijayo, usihesabu umri peke yake. Angalia kama kila safu ina angalau mkongwe mmoja. Safu isiyokuwa na hata mmoja ndiyo ya kupigiwa kelele.

SWALI: Je, si afadhali klabu ipange kikosi dhaifu makusudi mwishoni mwa msimu, ili ipate nafasi ya kwanza ya drafti?
Msomaji, Adelaide

JIBU: Hapana, na katika hili sina maneno mawili. Ni kweli kwamba timu ya chini kabisa ndiyo huchagua kwanza, na kishawishi kinatokana na hilo. Lakini mwaka 2013 Melbourne ilitozwa faini ya dola 500,000 za Australia kutokana na mwenendo wa viongozi wake katika msimu wa 2009, na wawili waliohusika wakasimamishwa, ingawa ligi haikuikuta klabu na hatia ya kupoteza mechi kwa makusudi. Na walivuna nini? Mwaka huo wa 2009 walipata chaguo la kwanza na la pili, wakamchukua Tom Scully na Jack Trengove. Scully aliondoka baada ya misimu miwili, Trengove akapewa unahodha akiwa na miaka 20 tu katika timu iliyokuwa ikifungwa kila mara, na Melbourne haikuingia mchujo hadi 2018. Kijana bora nchini akiingizwa mahali palipozoea kushindwa, hujifunza kushindwa pamoja na wenyeji wake. Tena ni udhalimu kwa mtu aliyenunua tiketi.

SWALI: Mhariri, yupo kijana katika kikosi chetu cha pili anayeng'ara kila wiki, lakini hapandishwi. Marafiki zangu wanasema kocha ana upendeleo. Wewe unaonaje?
Shabiki, Perth

JIBU: Upendeleo unaweza kuwapo, lakini kabla ya kuufikia ningeuliza mambo mawili.

La kwanza ni kiwango cha mechi zenyewe. Kikosi cha pili cha West Coast hucheza katika WAFL, ligi ya Australia Magharibi, na kwa misimu kadhaa kimekuwa kikipokea vipigo vikubwa. Kiungo anaweza kupata mipira mingi sana katika timu inayofungwa vibaya, kwa kuwa anaokota ile ambayo wapinzani hawana haja ya kuihangaikia. Wingi wa mipira peke yake haunishawishi; ningetaka kujua anafanya nini mpira ukiwa kwa adui.

La pili ni nafasi anayoichezea. Kocha hatafuti mchezaji bora wa kikosi cha pili. Anamtafuta mtu wa kufanya kazi ya yule aliyetoka. Mwaka 2019 Jack Graham wa Richmond aliumia bega katika nusu fainali. Marlion Pickett, mwenye miaka 27, aliyesajiliwa katikati ya msimu huohuo kutoka South Fremantle, alikuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali ya kikosi cha pili katika ligi ya VFL. Alikuwa kiungo kama Graham, alikuwa fiti, na aliujua mpango wa timu. Kocha Damien Hardwick akampanga katika fainali kuu, ikiwa mechi yake ya kwanza kabisa katika AFL, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1952. Pickett alifunga goli, na Richmond ikaifunga GWS kwa pointi 89. Watu hupenda kulisimulia tukio hilo kama bahati nasibu, lakini ulikuwa uteuzi wa uangalifu mkubwa.

Wakati mwingine, hata hivyo, lawama zako zitakuwa za haki. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, hakuwa na uhakika wa kudumu katika kikosi cha Sydney. Mwishoni mwa 2020 alihamia Port Adelaide, ambako alipewa kazi moja, ya kukaa nyuma na kuidaka mipira mirefu ya wapinzani, na akaachwa aifanye kila wiki. Mwaka 2021 akachaguliwa katika timu bora ya mwaka ya ligi nzima.

Kijana wenu akianza kupandishwa, tazameni kama anapangwa katika nafasi ileile aliyoing'arisha kule chini, na kama anapewa angalau mechi nne mfululizo. Akiingizwa wiki moja, akachezeshwa mahali asipopazoea, kisha akarudishwa chini, mwandikieni kocha, nami nitaichapisha barua yenu hapa.