Kama ndo unaanza kupima oksijeni ya galaksi hai kwa infraredi, soma hii kwanza

Wadogo zangu, galaksi hai ni ile yenye shimo jeusi linalokula katikati, na oksijeni yake tunaipima kwa programu ya kompyuta. Mi nilipoanza nilidhani kazi yote ni hiyo programu, unaipa nguvu za mistari ya spektra (rangi maalum za mwanga zinazotolewa na kila elementi) inakutolea kiwango cha oksijeni, basi. Ikanichukua miezi kujua kwamba programu inameza chochote unachoilisha na haitalalamika hata siku moja.

Kisa chenyewe hiki. Nilichukua data za zamani za darubini ya Spitzer, nikapima neoni kwenye mikromita 12.8, 14.3 na 15.6, halafu oksijeni ile iliyopoteza elektroni tatu kwenye 25.9, nikazibandika zote faili moja. Galaksi moja ikaja na oksijeni kali ajabu, usiku huo sikulala, nishaanza kuandika makala kichwani. Kumbe neoni zilipita kwenye mwanya (ufa wa kifaa unaopitisha mwanga) wa sekunde za tao, kile kipimo cha ukubwa angani, 4.7 kwa 11.3 na oksijeni kwenye mwanya wa 11.1 kwa 22.3, yaani eneo karibu mara tano, na galaksi yenyewe ya jirani, imetanda angani vizuri tu, kwa hiyo mwanya mkubwa ulimeza mwanga mwingi zaidi! Siku hizi kabla ya lolote naangalia pale vipande viwili vya spektra vinapokutana, kama mikromita 19 hivi, nikiona ngazi pale, yaani mwanga unaruka ghafla, nasimama.

Infraredi tunaipendea nini? Inapenya vumbi, na mistari yake haiyumbishwi sana na joto la gesi kama ile ya mwanga wa kawaida. Ila msongamano wa gesi unaitesa, mstari ule wa oksijeni wa mikromita 88 unaanza kufifia gesi ikipita elektroni kama 500 kwa sentimita ya ujazo.

Halafu ujue nani anawasha nini. Neoni ya 14.3 inadai nishati ya elektronivolti 97, nyota za kawaida hazifiki huko, kwa hiyo ukiiona wazi kuna shimo jeusi linakula. Ile ya 12.8 inatosheka na 21.6 tu, nyota changa zinaimwaga kwa wingi, sasa galaksi ikiwa na vyote viwili ni wewe utakayeamua utumie modeli za kiini (lile shimo jeusi la katikati) au za nyota, programu haijui.

Na haidrojeni jamani, bila mstari wake unabaki na uwiano wa elementi kwa elementi tu. Ule wa 12.37 ni dhaifu na umekaa kwenye kitongoji cha spektra kilichobanana, mi nimewahi kuupima mara tatu nikapata majibu matatu. Kwa data za darubini ya James Webb jaribu wa 7.46 kwanza. Salfa ya 10.5 nayo iko ndani ya bonde la 9.7, pale vumbi la silika linapomeza mwanga, kiini kikiwa kimejificha kwenye vumbi inatoka ndogo kuliko ilivyo.

Oksijeni ya Jua letu kwa kipimo cha logi (12 jumlisha logi ya oksijeni kwa haidrojeni) ni 8.69. Ukipata 9.8, usimwamshe msimamizi wako, kapime mwanya upya.